Uso wa Mama Gladness

Kona ile ya Likombe, pale njia ya vumbi inapoachana na lami, ina benchi moja refu lililopigwa kwa mbao za makreti ya bandarini, maandishi ya kigeni yakiwa kichwa chini miguu juu, na anayeyakalia hajali. Kivuli ni cha mabati mawili ya Kassimu, fundi viatu, ambaye kwa sababu hiyo ndiye mwenye kijiwe, ingawa kodi anayotoza ni kicheko tu. Benchi lina wenyewe, na kila mwenyewe kabatizwa jina hapohapo bila padri wala shehe. Josephu anaitwa Daktari, kwa kuwa anauza salfa na dawa za kupulizia mikorosho, na aliyeweza kutibu mti, wanasema, binadamu atamshindaje. Omari, Mmakonde wa Kitaya, anaitwa Redio, maana haonekani bila kiredio chake cha betri, na habari asiyoisikia huitunga. Halafu herufi m humwelemea mdomoni, huigeuza n akaenda zake. Jafari muuza kahawa hana jina la pili, birika lake linatosha kumtambulisha. Na yupo Anold wa bandarini, Mmakua wa Masasi, anayeitwa Winchi. Mambo haya ni yake. Ilikuwa alasiri ya Oktoba, mabibo yananuka uchachu kila uchochoro, na watu wanabishania jambo lisilo kichwa wala miguu, kama ilivyo ada.

Anold alifika, akasalimia kwa sauti ya mtu aliyeko msibani, akakaa mwisho wa benchi. Jafari akagonganisha vikombe, akammiminia. Anold hakukigusa. Alitoa simu.

— Jamani, nisaidieni kitu, alisema. Niangalieni huu uso.

— Uso wa nani tena? aliuliza Josephu.

— Mama Gladness. Kanitumia leo asubuhi. Hakuandika neno, katuma picha tu.

— Sasa sisi tukuangalizie mkeo? Kesho utasema tumemkodolea.

— Mwangalieni. Mimi naona begi, naona basi, naona meno. Nikiviweka pamoja sijui vinasema nini. Ananicheka? Kakasirika? Nirudiane naye au ndiyo ananiaga? Sioni, Daktari. Nimeangalia tangu asubuhi, sioni.

Kassimu alikuwa amepiga magoti mbele ya kiatu cha mwanafunzi, misumari midogo imebanwa mdomoni, na maneno yale yalimchoma. Nyie mngemjua Anold wa zamani! Kazi yake bandarini ilikuwa kusimama chini ya winchi na kuzungumza kwa mikono na dereva aliyeko juu, na mzigo wa tani ungeshuka mbele yake taratibu kama mtoto anavyolazwa. Mtu yule alikuwa anasoma uso wa dereva kwa mbali akajua amechoka, akampungia apumzike. Na hapa kijiweni ndiye aliyekuwa mahakama. Mtu akileta uongo, watu walisema: mpelekeni kwa Winchi amwangalie. Anold angemwangalia, angetabasamu kidogo, na muongo mwenyewe angeomba radhi. Leo anauliza uso wa mkewe, mwanamke aliyemzalia.

Yalianza msibani. Mama yake Anold alifariki kijijini, mbele ya Masasi, na Kassimu, kwa kuwa ni Myao na ni mtani wake, alikwenda kutimiza wajibu. Alivaa gauni la marehemu na kilemba chake, akajilaza njiani jeneza lisipite, akapiga kelele kwamba bibi harusi haondoki bure, wamletee jogoo kwanza. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka, mpaka padri aligeukia pembeni akajikohoza. Ndivyo mtani anavyokupunguzia kifo. Ila Anold hakucheka. Alimtazama Kassimu kama anavyotazamwa mwizi wa kuku, na tangu siku ile hakurudi vile alivyokuwa. Bandarini, siku moja, aliinua mkono akasahau ishara inayofuata. Mzigo ukabaki unaning'inia, dereva anasubiri, wenzake wanasubiri, yeye kasimama na mkono hewani anautazama kama si wake. Wakamwambia apumzike nyumbani. Nyumbani nako, mkewe Happiness alimtengea ugali akatabasamu, Anold akapiga meza: unanicheka nini? Ikawa kila siku unanicheka, unanidharau, mpaka mama wa watu akachukua mtoto akaenda kwao Masasi apumue.

Na Kassimu? Kassimu alimpa dawa aliyoijua. Alivyolelewa, mtani wako akizama kwenye huzuni unamvuta kwa maneno makali mpaka acheke. Akicheka kapona, asipocheka unaongeza kipimo. Basi Kassimu alikuwa anaongeza. Kila Anold alipokuja, alimpa zito kuliko la jana.

Simu ilikuwa imefika kwa Omari. Aliweka vidole viwili kwenye kioo akaivuta picha mpaka uso wa Mama Gladness ukajaa kioo chote, na vingine vyote vikatoka nje.

— Sasa hapa ndiyo tunaona, alisema. Huyu nke kanuna. Tazama nacho yalivyokunjwa. Ntu akikukunjia nacho hivi, kwetu Kitaya unahamisha panga kwanza, salamu baadaye.

— Kanuna wapi! alisema Josephu. Hayo si meno? Aliyenuna anaonyesha meno?

— Hata nbwa anaonyesha neno.

— Mama wa watu unamfananisha na mbwa mbele ya mumewe?

— Nimesema neno, sijasema nke.

— Mimi nawaambia anacheka. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama.

— Ndiyo naana tunanwambia Winchi atazame, alijibu Omari. Nacho hana.

Kicheko kilipita benchini. Jafari aliongeza kahawa pale palipopungua. Kikombe cha Anold kilikuwa kimejaa, akakiruka.

— Na meno yenyewe msiyaamini, aliendelea Josephu. Hizi simu zina mambo. Unapigwa picha una chunusi, inatoka huna. Binti yangu alinipiga mimi nikatoka nimekuwa maji ya kunde! Sasa mashine inayoweza kufuta chunusi, itashindwa kuchora meno? Huyu mama inawezekana analia kabisa, simu imemchekesha kwa nguvu.

— Kwa hiyo analia? aliuliza Anold.

— Sijasema analia. Nasema inawezekana.

— Inawezekana, alirudia Anold, polepole, kama mtu anayejifunza neno jipya.

Akamgeukia Kassimu. Kassimu hakuinua kichwa, msumari ulikuwa nusu ndani nusu nje. Aliona viatu tu, vile vya ngozi vya bandarini alivyovitia soli mwenyewe, kamba ya kushoto imefunguka.

— Mtani, alisema Anold. Wewe unamjua. Unauonaje?

Kassimu alitema misumari kiganjani. Benchi likamwinamia, maana lilijua neno linakuja. Lilikuwa zito kweli, kuliko yote aliyowahi kumpa:

— Mmakua wewe, huo uso unanishinda nini? Huyo ni mwanamke aliyepata mume mwenye akili huko Masasi. Amekutumia picha umwone alivyonawiri, halafu ukampelekee mama yako habari kaburini kwamba mke kapata pa kwenda!

Omari alijipiga paja. Josephu alimwaga kahawa kwenye suruali. Anold akasema:

— Ndivyo nilivyodhani na mimi.

Ah, hapo benchi lilitaka kuvunjika. Jibu gani la utani linazidi hilo? Kassimu mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kupakia kiwi, na moyoni akajisemea, afadhali, leo amerudisha, leo dawa imeingia. Akachukua nyundo. Viatu vya ngozi vilikuwa bado vimesimama mbele yake. Vilisimama hapo kwa kitambo, kama vya mteja anayengojea kuhudumiwa. Kisha havikuwepo.

Mjadala haukumngoja mtu.

— Tuache utani, alisema Josephu. Mimi maradhi ya Winchi nayajua. Ni salfa. Amesimama chini ya mizigo ya salfa miaka yote ile, imemwingia machoni ikamtandia ukungu. Uso anauona, lakini anauona kwa ndani ya moshi. Kikulacho ki nguoni mwako: salfa hukaa kwenye shati.

— Wewe unaiuza kila siku, mbona unaona?

— Naiuza, siivuti. Na mganga hajigangi.

— Hapo umesema nini?

— Nimesema methali.

— Salfa haisahaulishi, alidakia Jafari, ambaye kwa kawaida husema bei tu. Winchi amesahau mpaka drafti. Juzi kafungwa na Redio.

— Hata nwenyewe nilishangaa, alisema Omari.

— Kete iko wazi mbele yake, haioni. Anaishika, anaiachia, anauliza zamu ya nani. Mtu hawi hivyo kwa salfa. Ameibiwa.

— Kaibiwa nini?

— Kicheko. Ng'ambo ya Ruvuma kuna watu wananunua vicheko. Unalala nacho, unaamka hunacho, kimeshavushwa kwa mtumbwi. Wanawauzia matajiri wasiojua kucheka. Na kicheko kikichomolewa, akili inakuja na mizizi, kama muhogo unavyokuja na udongo.

— Mbona hawajachukua cha Kassimu?

— Kile cha bei rahisi.

Kassimu alicheka nao. Omari aliweka kiredio sikioni, akakitikisa, akakishusha.

— Lakini jamani, alisema. Juzi niliskia ntaalamu redioni. Alisema kuna huzuni inaitwa sonona. Siyo huzuni ya siku noja. Ni ugonjwa kabisa, kama nalaria. Ikinshika ntu, uso wa kawaida anauona kama umekasirika. Ukintabasamia anadhani unancheka. Hata akili inapungua nwendo: anasahau, hawezi kuamua jambo dogo, anaona vitu hawezi kuviunganisha. Alisema tusifikiri ntu huyo ni nvivu au ana kiburi.

— Halafu? aliuliza Kassimu. Nyundo ilikuwa imesimama.

— Halafu nini?

— Alisema afanyiwe nini?

— Wakaweka tangazo la nbolea.

— Sonona! alisema Josephu. Hayo ni ya watu wenye vyumba vya kulilia peke yao. Sisi tunalala watoto wanne kitandani, utasononeka saa ngapi? Haba na haba hujaza kibaba.

Kila mtu alikubali kwamba haba na haba hujaza kibaba, hata kama hakuna aliyejua imeingiaje. Ila Kassimu lile neno halikumtoka. Ukimtabasamia anadhani unamcheka. Sasa aliyeambiwa vile, kwa kicheko, na benchi zima likapiga makofi, huyo alisikia nini? Aliinua kichwa amtazame mtani wake mwisho wa benchi. Palikuwa na kikombe kimejaa, na simu pembeni yake, Omari alikuwa ameirudisha hapo.

— Winchi yuko wapi?

— Si yupo hapo, alisema Josephu bila kugeuka.

Mwanamke alikuwa anakuja kutoka upande wa shule, mkoba begani, mikono bado ina vumbi la chaki. Alikuwa Modesta, mwalimu, mdogo wake Happiness. Kijiweni hajawahi kusimama hata siku moja. Wanawake hupita hapo wakiwa wameongeza mwendo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu. Karibu kahawa.

— Asante. Namtafuta shemeji. Nimetoka nyumbani kwake, mlango uko wazi, mwenyewe hayupo. Dada kampigia mchana, hapokei.

— Alikuwa hapa sasa hivi, alisema Josephu. Tena tulikuwa tunamsaidia. Hebu na wewe mwalimu utuamulie, huyu Redio anabisha kwamba dada yako amenuna.

Akampa simu. Modesta aliutazama ule uso uliojaa kioo, akawatazama wao, mmoja mmoja, kama anavyotazama darasa lililofeli hesabu nyepesi. Kisha akaweka vidole viwili kwenye kioo akairudisha picha ilivyokuwa. Uso ukawa mdogo. Mabega yakatokea, na mkono umeshika begi kubwa la safari, na Gladness amevaa viatu vya kanisani, na nyuma yao ubavu wa basi, na jua la asubuhi limewapiga usoni sawasawa.

— Amekunja macho sababu ya jua, alisema. Huyu anarudi, jamani. Hapa yuko stendi ya Masasi anapanda basi. Mnabishania macho, begi hamkuliona?

Naona begi, naona basi, naona meno. Anold alikuwa amewaambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya kahawa ya kwanza kuisha, na wao walitupa begi nje ya kioo ili waone vizuri.

— Kwa nini hakuandika? aliuliza Kassimu. Angeandika tu, nakuja. Neno moja.

Modesta aliinamisha uso.

— Mimi ndiye niliyemkataza. Kila anachomwandikia shemeji anakisoma kama tusi. Akiandika nakuja, atajibiwa unakuja kunitazama nilivyofika chini. Nikamwambia dada, maneno yamekataa, mtumie uso wako. Uso atauelewa. Si ndiye aliyekuwa anasoma nyuso za watu huyu?

Jafari aliinamisha birika juu ya kikombe, yakatoka machicha meusi, kisha hayakutoka hata hayo. Kwa kawaida kahawa ikiisha watu hunyanyuka wakijikung'uta makalio. Leo walibaki wamekaa.

— Alielekea wapi? aliuliza Modesta.

Josephu alimtazama Omari. Omari alimtazama Jafari.

— Alipoondoka, uso wake ulikuwaje?

Swali lilikuwa dogo. Benchi lilikuwa limeshinda alasiri nzima juu ya uso. Lilikuwa na wataalamu wa macho, wa meno, wa chunusi. Kama Modesta angeuliza habari za uso wa dada yake, wangemwambia mpaka kipele kilicho chini ya sikio. Lakini uso wa Anold, aliyekaa nao goti kwa goti, hakuna aliyekuwa nao. Omari alizima kiredio, jambo ambalo hajawahi kulifanya bila kuombwa.

Kassimu aliutafuta ule uso. Aliutafuta kwa uchungu, kama mtu anavyotafuta sindano kwenye mchanga, na kila alipoinua macho ya kumbukumbu alikuta viatu. Viatu vya ngozi, soli yake mwenyewe, kamba ya kushoto imefunguka. Vimesimama mbele yake, vinangoja. Mtani wake alikuwa amesimama pale akimngojea ainue kichwa aseme, nakutania bwana, huyo mkeo anarudi, na yeye alikuwa anafurahia utani wake. Alijiona mjinga, na zaidi ya mjinga.

— Mwalimu, nenda kanisani ukaulize, alisema, ameshasimama, kiatu cha mwanafunzi kimeanguka. Daktari, wewe kapande pikipiki uende mpaka bandarini. Redio, njia ya Mikindani. Ulizeni kila mtu. Shati la bluu.

— Lilikuwa la bluu? aliuliza Omari.

— Sijui! alifoka Kassimu. Sijui lilikuwa la rangi gani!

Wakatawanyika, na wazee wale walikimbia kweli, Josephu ndala moja ilibaki barabarani. Kassimu aliichukua ile simu, akakimbia mpaka njia ya vumbi inapokutana na lami. Hapo alisimama. Vumbi lilikuwa limejaa nyayo za viatu za watu wote wa Likombe. Yeye, aliyejisifia miaka yote kwamba anamjua mtu kwa soli yake, aliinama akazitazama na hakuiona hata moja anayoijua. Kushoto watu walikuwa wanapita, kulia watu walikuwa wanapita, na kila uso aliouangalia haukumwambia kitu.

— Mtani! aliita. Anold!

Wapita njia waligeuka, baadhi wakatabasamu, maana walizoea kumsikia akianza utani namna hiyo.

Simu ikalia mkononi. Kwenye kioo ulikuja uso uleule, macho yamekunjwa, meno nje, na sasa hata mtoto mdogo angejua ulikuwa uso gani. Kassimu alibonyeza pa kupokea kabla hajajua atasema nini. Nyuma ya sauti palikuwa na ngurumo za basi na mtoto anaimba.

— Haloo? Baba Gladness? Basi liliharibika njiani, lakini tumeshapita Mnazi Mmoja, tunakaribia. Utakuja kutupokea?

Kassimu alifungua mdomo. Mdomo ule uliozuia jeneza njiani, uliochekesha waombolezaji na padri wao, haukupata neno.

— Baba Gladness, mbona umenyamaza? Umekasirika?